Mamluki Wenye Magoti Mabovu

Kuna filamu ambazo mtu anazipenda huku akijua kabisa kwamba zenyewe hazimpendi. Kwangu mimi ya kwanza katika kundi hilo ni The Wild Geese, ya mwaka 1978. Tajiri wa benki jijini London anakodi askari hamsini, wengi wao watu wazima waliokwisha kuwekwa pembeni, wanadondoshwa kwa miamvuli usiku katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, wanamtorosha rais aliyepinduliwa, halafu tajiri yuleyule anawageuka na kuwaacha porini. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuitetea. Kila nikiirudia nakuta la kunifurahisha na la kunikera, na mara nyingi yamekaa ndani ya tukio moja.

Nianze na linalonifurahisha. Sisi tuliolelewa na filamu za mapigano tulizoea stelingi asiyechoka. Anakimbia kilomita kumi, anapigwa risasi begani, anafunga kitambaa, anaendelea, na nywele zake ziko palepale. Hapa stelingi ni Richard Burton, ambaye wakati wa kupiga picha mwaka 1977 alikuwa anaelekea miaka 52, na mwili wake ulikuwa umekwisha kulipia kila chupa aliyowahi kuifungua. Tazama anavyotembea: shingo imekakamaa kama ya mtu aliyeamka baada ya kulalia mto vibaya. Roger Moore, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa James Bond, alitimiza miaka 50 mwaka huohuo. Richard Harris alikuwa na 47, Hardy Krüger 49. Jack Watson, anayeigiza sajini meja wa kuwachapisha wenzake kwata, alikuwa na miaka 62.

Leo nambari hizo hazimshtui mtu. Sylvester Stallone alikuwa na miaka 64 alipotuletea The Expendables mwaka 2010, na tangu hapo wazee wenye bunduki wamekuwa biashara kamili. Lakini wazee wa siku hizi wanajengwa misuli gimu, wanapakwa mafuta, na uzee wao unatajwa kwenye utani tu. Mwaka 1977 hakuna aliyewajenga hawa. Burton akiinama unaona kwamba ameinama. Wakikimbia kwenye nyasi ndefu unasikia mapafu.

Sehemu ya kwanza ya filamu, kabla hata risasi moja haijalia Afrika, ndiyo ninayoirudia zaidi. Ni sehemu ya kukusanya watu. Kanali Faulkner, yaani Burton, anaingia kwenye sebule ya tajiri Matherson, anaomba kinywaji, na anafanya mzaha kuhusu ini lake kama watu wengine wanavyozungumzia gari bovu wasilokuwa na fedha ya kulitengeneza. Kisha anaanza kuwatafuta wenzake. Janders, anayeigizwa na Harris, ndiye kichwa cha kupanga mipango. Siku hizi anauza picha za sanaa, na ana mtoto wa kiume aliyemwahidi safari ya likizo ya Krismasi. Fynn, rubani, yuko matatani na wahuni wa dawa za kulevya. Coetzee, Kaburu kutoka Afrika Kusini, anataka fedha za kununua shamba nyumbani kwao, basi. Hakuna hata mmoja anayesema anaenda kuikomboa nchi ya mtu, isipokuwa Janders kidogo, maana yeye anaamini kweli kwamba yule rais ni mtu mwema. Wengine wanakwenda kwa sababu vita ndiyo kazi pekee waliyowahi kuifanya vizuri.

Mazungumzo yake yana uzito usioutarajia kwenye filamu ya aina hii, na sababu ni mwandishi. Hati iliandikwa na Reginald Rose, yuleyule aliyeandika mwaka 1954 tamthilia ya televisheni ya Twelve Angry Men, ambayo watu kumi na wawili wanafungiwa chumbani kuamua kama kijana ni muuaji. Mtu aliyeweza kutuweka roho juu kwa meza moja na viti kumi na viwili hashindwi kuwapa mamluki wanne maneno ya kusema. Alifanyia kazi riwaya ya Daniel Carney, mwandishi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, iliyokuwa bado haijachapishwa.

Halafu kwata. Sajini meja anawapeleka juu na chini, watambae, wapande, wabebane, huku anawatukana matusi ambayo wakubwa wake wenyewe hawana budi kuyapokea. Niliwahi kuitazama sehemu hii na mpwa wangu, kijana wa sekondari. Alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza: "Mjomba, kwani hawa wazee hawana wajukuu?" Nilicheka, lakini swali lake liko sawasawa. Filamu nzima imesimama juu ya watu wasio na wa kuwazuia kwa nguvu ya kutosha, na yule mmoja mwenye mtoto ndiye itakayemfinya zaidi.

Sasa linalonikera. Wakishatua, mamluki wanafika kwenye kambi ya Zembala anakoshikiliwa rais Limbani. Walinzi wanaondolewa kimyakimya kwa pinde za mtambo. Kisha watu wa Faulkner wanaingia kwenye mabweni ambako askari wa Kiafrika wamelala, na wanawapulizia gesi ya sianidi vitandani. Unaona vitanda vimepangwa mstari, vyandarua, miili iliyojifunika. Wanaopuliza wamevaa barakoa. Wakimaliza, bweni zima limekufa bila mtu hata mmoja kukohoa. Kamera inaondoka hapo kwa haraka ya mfanyakazi anayefunga jalada.

Kila ninapofika hapo nasimama kidogo. Wale vijana waliolala ni nani? Filamu haijui, wala haina mpango wa kujua. Baadaye askari wa serikali, wanaoitwa Simba, wanawakimbiza mamluki porini, nao wanaanguka makumi kwa makumi, mikono juu, wote kwa mtindo uleule. Mamluki akifa, tunapewa uso wake, jina lake, na rafiki wa kumfumba macho. Mwongozaji, Andrew V. McLaglen, alikuwa amezipitia filamu nyingi za magharibi ya Marekani, zikiwamo za John Wayne, na hesabu ni ileile aliyoizoea: upande mmoja una watu, upande wa pili una idadi.

Mahali ilipopigwa nako hakusaidii. Ni Afrika Kusini, kaskazini kabisa ya Transvaal ya wakati ule, kwenye mibuyu ya Tshipise, karibu na Messina, chini ya serikali ya makaburu. Septemba ya mwaka huohuo wa 1977 Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, alifia mikononi mwa polisi. Filamu ilipozinduliwa London, wapinzani wa ubaguzi wa rangi walikuja na mabango yao, na sioni jinsi ambavyo wangebaki nyumbani.

Lakini kuna jambo linalonizuia nisiitupe. Rais Limbani anaigizwa na Winston Ntshona, na mmoja wa mamluki weusi, sajini Jesse, ni John Kani. Hawa hawakuokotwa barabarani. Mwaka 1975 walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani, New York, kwa tamthilia za Sizwe Banzi Is Dead na The Island, ambazo walizitunga pamoja na mwandishi Athol Fugard. Oktoba 1976 walikamatwa na kuwekwa ndani huko Transkei kwa sababu ya kuigiza Sizwe Banzi. Mwaka uliofuata wako kwenye filamu ya mamluki, kwenye ardhi ya serikali ileile iliyowafanya watembee na vitambulisho vya pasi. Kani, kwa wale wa kizazi cha mpwa wangu, ndiye mfalme T'Chaka, baba yake Black Panther.

Limbani ni mgonjwa wa moyo, hawezi kutembea umbali mrefu. Kwa hiyo Coetzee, Kaburu asiyewapenda watu weusi na wala hafichi, anaamriwa ambebe mgongoni. Hapo ndipo filamu inapotulia. Mtu mweusi juu ya mgongo wa mtu mweupe, wote wawili wamechoka, wanabishana njia nzima. Coetzee anamtukana, Limbani anamjibu taratibu, bila hasira, kwamba yaliyopita sisi tutawasamehe, na ya sasa ninyi itabidi mtusamehe, la sivyo hapatabaki kitu cha kugawana. Ukiyasoma hayo kwenye karatasi utaona yamenyooshwa mno, ni mahubiri. Ntshona anayaokoa kwa namna anavyoyasema: kwa sauti ya mtu anayehifadhi pumzi, anayechagua ni neno lipi linastahili kutolewa nje na lipi limezwe.

Na aliyembeba ni Hardy Krüger, ambaye maisha yake yanazidi ya mhusika wake. Alikuwa Mjerumani, aliingizwa jeshini katika kikosi cha Waffen-SS akiwa na miaka 16, akakataa amri ya kuwapiga risasi askari wa Kimarekani, na akaponea chupuchupu kuuawa na wakubwa wake mwenyewe. Baadaye alikuja Tanganyika kuigiza kwenye Hatari!, ile filamu ya 1962 ya John Wayne ya kukamata wanyama, na nchi ikamwingia. Akanunua shamba Momella, chini ya Mlima Meru, akaweka na hoteli, akaishi huko hadi miaka ya 1970. Kwa hiyo Kaburu anayeota shamba la Afrika anaigizwa na mtu aliyekuwa na shamba la Afrika na akaliacha. Sijui kama Krüger aliliwaza hilo akiwa na Ntshona mgongoni, lakini mimi siwezi kutoliwaza.

Tukio ambalo kila mtu analikumbuka ni la ndege. Mamluki wamekwisha kumpata Limbani, wako uwanjani, Hercules inashuka kuwachukua. Magurudumu yanagusa ardhi, watu wanaanza kushangilia. Kisha injini zinanguruma upya, ndege haisimami, inapita mbele yao, wengine wanaikimbilia kwa mikono iliyonyooshwa, nayo inanyanyuka na kwenda zake. Kule London Matherson amekubaliana na serikali iliyopo kuhusu shaba. Rais aliyeokolewa amekuwa hasara, na waliomwokoa ni gharama za usafiri zilizoweza kuepukwa. Mhariri wa filamu hii alikuwa John Glen, aliyekuja kuongoza filamu tano za James Bond kuanzia 1981, na ukitazama jinsi alivyokata nyuso za wale wazee katikati ya vumbi la ndege ile, unaelewa kwa nini alipewa.

Shaba hiyo haikutoka hewani. Anayeifahamu historia ya Kongo anaitambua Katanga, mkoa wake wa shaba, mara moja, na wengi wamemwona Moise Tshombe ndani ya Limbani: kiongozi aliyepoteza madaraka, ndege yake ikatekwa angani mwaka 1967, akashikiliwa Algeria, akafia huko 1969. Lakini filamu imemsafisha. Limbani ni mtakatifu anayehubiri msamaha. Tshombe ndiye aliyekuwa mkuu wa Katanga siku ya tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba alipopelekwa huko na kuuawa. Kumgeuza mtu huyo kuwa mtetezi wa umoja wa Afrika kunahitaji ujasiri ambao hata Faulkner hana.

Na ni Tshombe, akiwa waziri mkuu wa Kongo mwaka 1964, aliyemkodi Mike Hoare. Hapa ndipo filamu na dunia zinapogusana, kwa sababu Hoare aliajiriwa kuwa mshauri wa kijeshi wa The Wild Geese. Alizaliwa Calcutta mwaka 1919 kwa wazazi wa Kiairishi, na taaluma yake ilikuwa uhasibu. Ndiyo, mhasibu. Akiwa Kongo aliongoza Commando 5, mamluki wapatao mia tatu, dhidi ya wapiganaji wa Simba waliokuwa wameiteka Stanleyville, Kisangani ya leo. Alikipa kikosi jina la mabata bukini, yaani Wild Geese, kwa kuwakumbuka askari wa Kiairishi wa karne ya 17 waliohamia bara la Ulaya kupigania wafalme wa wengine. Redio ya Ujerumani Mashariki ilimwita mbwa kichaa, na yeye, badala ya kukasirika, akalichukua jina.

Simba halisi walikuwa vijana wa mashariki ya Kongo, watu wa Kiswahili hikihiki tunachoandikia hapa, walionyunyiziwa maji ya dawa wakiambiwa risasi zitageuka. Walifanya ukatili, na wakafanyiwa. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia, akijiita Tatu, na wenzake wakiitwa Moja na Mbili. Walikaa milimani upande wa Fizi na Baraka, na watu wa Hoare walikuwa miongoni mwa waliowasukuma hadi wakarudi ng'ambo. Ile filamu ingeweza kuwa na hayo yote. Ikachagua mikono juu na kuanguka.

Miongoni mwa waigizaji yumo Ian Yule, ambaye aliwahi kuwa mamluki kweli chini ya Hoare. Kwa hiyo unapoona mtu ameshika bunduki kwa uzoefu unaopita wa waigizaji, huenda ameushika uzoefu huo mahali ambapo wewe na mimi hatungependa kuwapo.

Sasa sikiliza kilichofuata. Filamu ilitoka Julai 1978. Miezi miwili kabla yake, Mei 13, Bob Denard, Mfaransa, alishuka Komoro usiku na watu wasiofika hata kampuni moja ya jeshi, akampindua Rais Ali Soilih, ambaye kabla mwezi haujaisha alikuwa amekufa. Rais aliyerudishwa madarakani, Ahmed Abdallah, ni yuleyule ambaye Denard alisaidia kumpindua mwaka 1975. Ungeweka hilo kwenye hati, mtayarishaji angesema limezidi.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya mshauri mwenyewe. Tarehe 25 Novemba 1981, Mike Hoare, miaka 62, alitua Mahé, Shelisheli, kwa ndege ya abiria iliyotoka Swaziland, akiwa na watu zaidi ya arobaini. Lengo lilikuwa kumwondoa Rais France-Albert René. Walijifanya chama cha wanywa bia waliokuja likizo. Mabegi yao yalikuwa yamejaa midoli ya kugawia watoto yatima, na chini ya midoli, kwenye sakafu ya uongo, zimelala AK-47. Karibu wote walikwisha kupita forodha. Afisa mmoja akafungua begi moja, akapekua, akakuta bunduki.

Mpango wote ukaishia pale uwanjani. Risasi zikarindima, watu wakafa, giza likaingia. Ndege ya Air India iliyokuwa safarini ikatua katikati ya vurugu hiyo, na mamluki, ambao sasa hawakuwa na namna nyingine ya kuondoka, wakaiteka na kumtaka rubani awapeleke Durban. Mahakama ya Afrika Kusini ilimhukumu Hoare kifungo cha miaka kumi kwa utekaji wa ndege. Aliachiwa mwaka 1985.

Nikiwaza kuhusu huyu mzee nashindwa kuamua kama nimcheke. Amekaa siku nyingi pembeni ya kamera, akiwaonyesha Burton na Moore namna ya kuvuka mto na bunduki, akitazama hadithi ya wazee wanaokwenda kazi ya mwisho na kuangamia kwa kumwamini aliyewalipa. Anajua hati yote. Halafu anakwenda kufanya ya kwake, ikiwa na midoli. Au pengine filamu haikumwonya hata kidogo, na ndivyo ninavyoamini mimi. Mtu wa aina ile akimtazama Faulkner haoni onyo. Anaona watu hamsini wanaopiga mbizi kutoka mlango wa Hercules hadi kwenye giza, muziki wa Roy Budd unapanda, na yeye yuko nje ya fremu akiwa na kalamu na karatasi.

Denard naye hakujifunza. Septemba 1995, akiwa na miaka 66, alirudi Komoro kwa boti za mpira na watu wapatao thelathini, akamkamata Rais Djohar. Jeshi la Ufaransa lilikuja likamchukua Denard.

Upande mmoja ambao filamu iliupata barabara ni bei ya kumaliza kazi. Wale wachache waliobaki wamepata Dakota kuukuu, Fynn ameiwasha, risasi zinatoka pande zote. Janders anakimbia nyuma ya ndege inayoongeza mwendo, anapigwa mguuni, hafiki. Faulkner yuko mlangoni, amenyoosha mkono, umbali ni wa hatua chache tu na unaongezeka. Janders anajua watakaomfikia watamfanya nini. Analia kwa Faulkner ampige yeye. Anataja mtoto wake. Na Burton, uso ule uliochakaa, anainua bunduki na kufanya alichoombwa. Hakuna muziki wa kukusaidia. Harris amelala kwenye vumbi, ndege inanyanyuka. Nimeona vifo vingi vya kwenye skrini, na hiki ndicho bado kinanifanya nitafute rimoti. Limbani naye anafia ndani ya ndege. Kazi nzima imekuwa ya bure.

Kinachofuata, Faulkner kurudi London na kumkuta Matherson nyumbani kwake, ni zawadi kwa watazamaji. Stewart Granger, miaka 64, anaigiza tajiri aliyetulia hadi dakika ya mwisho, na Burton anamlipa. Siku ya kwanza nilishangilia. Sasa naona filamu ikitoa hapo kitu ambacho Kongo, Komoro na Shelisheli hazikuwahi kukipata, kwa kuwa waliokuwa kwenye sebule zile walizeeka salama, na hata wengi wa waliotumwa pia. Hoare alifariki Durban mwaka 2020 akiwa na miaka 100.

Ukiamua kuitafuta, tafuta nakala kamili ya zaidi ya saa mbili, usikubali iliyokatwa kwa ajili ya televisheni, maana wanachokata kwanza ni mazungumzo ya mgongoni mwa Coetzee. Na usidanganywe na sehemu ya pili ya mwaka 1985. Burton alikuwa arudi, akafa Agosti 1984 akiwa na miaka 58 kabla ya kazi kuanza, wakamweka Edward Fox. Safari hii mamluki wanakwenda Berlin kumtorosha Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, kutoka gereza la Spandau, na anayetoroshwa ni Laurence Olivier, mzee kuliko wote waliowahi kubebwa kwenye filamu hizi. Niliizima nusu saa kabla haijaisha.